Cheti cha Ubinadamu

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Anayeishi ndani yake anaijua, na asiyeishi ndani yake hana alichokosa isipokuwa furaha, ambayo kwetu ni ya lazima kwa mujibu wa Kanuni ya Saba. Mimi ni raia wa kawaida na mama wa mtoto mmoja. Naandika haya si kwa kulalamika, kwa kuwa malalamiko yana fomu yake na fomu hizo zimekwisha, bali kwa kutaka ijulikane kwa utaratibu jinsi nilivyotendewa mema.

Zamani tulikuwa na Ubao. Kila mwenye simu aliweza kuufungua akaandika alilonalo, na aliye mbali akalisoma papo hapo na kumjibu. Uliasisiwa na matarishi wastaafu wa posta, watu ambao baada ya miaka arobaini ya kubeba barua za wenzao waliona haya kukaa bure. Waliuendesha kutoka chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Siwezi kusema ulikuwa mzuri. Mvua ikinyesha ulizimika, na watu walitukanana humo juu ya mpira na juu ya mipaka ya viwanja. Lakini mkuu wa matarishi, Mzee Shemdoe, alikuwa akiamka mapema na kuwaandikia wagomvi mmoja mmoja: "Wewe, baba yako nilimpelekea barua miaka ishirini na hakunitukana hata siku moja. Tabia hii umeitoa wapi?" Aliyeandikiwa hivyo alinyamaza wiki nzima.

Darasa letu la kisomo cha watu wazima hukutana katika ghala la zamani la pamba, na Ubao ndio uliokuwa kitabu chetu, kwa sababu vitabu tulivyoahidiwa vilikuwa vimeingia mwaka wa nne vikiwa njiani. Mwalimu Ngwilizi alituwekea sharti moja tu: mwanafunzi asiandike neno lolote kwa mtu kabla ya kumsalimia na kusubiri ajibiwe.

"Mwalimu," alisema Mashavu, jirani yangu ambaye tuliketi naye benchi moja, "mimi nataka kumwuliza shemeji yangu kama amemwona mbuzi wangu."

"Msalimie kwanza."

"Nimemsalimia. Hajajibu."

"Basi subiri."

"Nikisubiri, Mwalimu, atakuja kunijibu akiwa ameshiba."

Darasa zima likacheka, lakini sharti halikubadilika. Kujua kuandika, alisema Mwalimu, si ruhusa ya kuacha adabu mlangoni.

Mimi niliingia darasani kwa sababu ya binti yangu Tunu, nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Tunu alikwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani katika jumba lenye vyumba kumi na kimoja. Hati yake ya kusafiria ilichukuliwa na wenye nyumba ikahifadhiwa, walisema, ili isimpotee. Kuzungumza kwa simu kulikatazwa humo ndani. Ila kabla wenye nyumba hawajaamka alikuwa na dakika chache, na katika dakika hizo aliweza kuandika. Ujumbe wake wa mwanzo nilisomewa na mwenye duka la dawa mtaani kwetu, mtu mwema aliyesoma kwa sauti ya kuwatosha pia wateja waliokuwa nyuma yangu. Nikaona ni heri nijifunze mwenyewe.

Siku ya kuondoka Tunu aliniambia, "Mama, kila asubuhi nitakuamkia. Ukiona sijakuamkia, usiseme labda amelala. Ulizia."

Kwa hiyo kila asubuhi aliandika: "Shikamoo, mama." Nami niliandika: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Naye aliandika: "Nimeamka salama." Hapo wenye nyumba waliamka, naye akaenda zake jikoni. Mistari mitatu, kwa siku mia sita na kumi na moja. Wako watakaoona ni machache. Mimi niliyasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na nilipofika kwenye "salama" niliweza kuinuka na kuwasha moto.

*

Sasa nieleze namna Ubao ulivyopata baraka ya kununuliwa.

Katika nchi yetu alikuwapo mtu tajiri kuliko wote, aliyetajirika kwa vizibo vya chupa. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Aliitwa Mwenyewe, na kila mtu alielewa. Siku moja Mwenyewe alialikwa kufungua daraja, akahutubia, na mtu mmoja akaandika kwenye Ubao kwamba hotuba ilikuwa ndefu kuliko daraja. Watu elfu sitini wakakubaliana naye. Mtu mwingine angejibu. Mwenyewe alinunua.

Msemaji wake aliita mkutano ili kuzima uvumi. "Mwenyewe hakuununua Ubao kwa hasira," alisema. "Aliununua kwa upendo, isipokuwa upendo huo ulimfikia akiwa amekasirika."

Matarishi wakashukuriwa kwa tarumbeta, wakapewa saa moja kuondoa vitu vyao. Mzee Shemdoe alitoka na kigoda chake na chupa ya chai. Alipoulizwa ana neno gani la kuagia, alisema angeliandika, ila ufunguo wake haufungui tena.

Wiki ya kwanza jina la Ubao likafutwa ukaitwa Upeo, na ili wananchi wasipate tabu ya kukumbuka, kila aliyeandika neno la zamani alilikuta limegeuka lenyewe. Fundi seremala wa darasani kwetu alitangaza kwamba anauza upeo wa mninga wa futi kumi na mbili, na hajapata mteja hadi leo. Wiki ya pili mpangilio ukarekebishwa. Ulipofungua, ulikutana kwanza na hotuba ya Mwenyewe ya siku hiyo, kisha waliomsifu kwa hotuba hiyo, kisha walioulizwa kwa nini hawajamsifu, kisha matangazo ya vizibo, na baada ya hayo, kama ulikuwa bado na nguvu, mtoto wako.

Msomaji hodari huenda aliruka. Mimi nisomaye kwa kidole sikujua kuruka. Nilianza saa kumi na mbili kamili nikamfikia Tunu saa mbili, na kufikia hapo wenye nyumba wake walikuwa wamekwisha amka. Nilikuta: "Shikamoo, mama." Na chini yake: "Mama, upo?" Nikaandika marahaba yangu nikiwa najua kwamba ataisoma kesho. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akijibu asubuhi ya jana. Hata hivyo alikuwa ananiamkia, nami nilimshukuru Mungu na, kama Kanuni ya Saba inavyotaka, Mwenyewe.

*

Siku ya mia sita na kumi na mbili nilikuta maandishi mekundu:

"Ndugu Mtumiaji. Mfumo umebaini kuwa wewe ni mashine. Binadamu timamu hawezi kumwuliza mwenzake swali lilelile siku mia sita na kumi na moja. Ukurasa wako umesimamishwa. Ikiwa unadhani kwamba wewe ni mtu, fika ofisini na ushahidi."

Nilifika. Idara ya Uthibitisho wa Ubinadamu ilikuwa imefunguliwa katika jengo la ghorofa tatu, na foleni ilizunguka jengo lote. Mbele yangu alikuwapo shekhe mmoja na padri mmoja, wote wawili wakishukiwa kwa kuandika sala zilezile kila siku, nao walikuwa wamezoeana kwa kukaa pale hata wakawa wanashikiana nafasi. Nyuma yangu alikuwapo mwanamke aliyemwandikia mumewe "rudi nyumbani" kwa miaka tisa. Waliobaki karibu wote walikuwa akina mama.

Nilipokelewa na Bwana Kipingu, Afisa wa Ubinadamu, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Karibu, mama. Kwa nini unamwuliza binti yako kitu kimoja kila siku?"

"Kwa sababu kila siku ni siku nyingine."

Akaandika, nami nikayasoma maandishi yakiwa juu chini, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha fika darasa la pili: Hakutoa sababu.

"Sasa, mama, nitakuomba ukasirike mbele ya mashahidi wawili. Mashine haikasiriki."

"Baba, nimekuja na shida. Mwenye shida hana nafasi ya kukasirika."

Akaandika: Dalili ya mashine.

"Basi sema jambo ambalo hujapata kulisema tangu uzaliwe."

Nikafikiri sana, kisha nikasema, "Mwanangu ananiandikia sasa hivi nami sionekani."

Bwana Kipingu aliyatazama machozi yangu. Akafunga faili akasema nirudi kesho, kwa kuwa kulia kulipokelewa kati ya saa nne na saa sita tu, nayo saa sita ilikuwa imepita.

Nilirudi siku kumi na tisa. Nilipimwa mapigo ya moyo, nikaoneshwa picha za taa za barabarani na kuulizwa ni ipi iliyo na huzuni, nikatakiwa kuleta barua ya mtu aliyepata kunichukia. Barua hiyo alinipa Mashavu, rafiki yangu, akaiandika kwa moyo mmoja katika kurasa mbili, na hadi leo sijamwuliza baadhi ya mambo aliyoyapata wapi. Siku ya ishirini nikatunukiwa Cheti cha Ubinadamu pamoja na alama ya jua dogo kando ya jina langu. Nilitangazwa kuwa Mtu Halisi wa Daraja la Kwanza, chini ya ulinzi wa Mwenyewe.

Darasani walinipigia makofi. Mwalimu Ngwilizi alikibandika cheti ukutani akatusomesha kwacho, silabi kwa silabi. Nami nilikwenda nyumbani nikaandika: "Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nilikuwa nathibitishwa. Umeamkaje?"

Kesho yake akajibu: "Nimeamka salama, mama. Niliogopa." Nikaibusu simu.

*

Baada ya wiki moja hivi mambo yakawa mazuri zaidi ya ilivyotarajiwa. Tunu alianza kuandika kwa ufasaha: "Nimeamka salama salimini, mama mpendwa, na siku yako ijae nuru." Hakuwa na haraka tena. Nilipomwandikia mchana alijibu mchana, na nilipomwandikia jioni alijibu kabla sijaweka simu chini. Nikasema wenye nyumba wamelainika, Mungu amegusa mioyo yao. Nilijivuna. Niliwasomea majibu yake wenzangu darasani, na Mwalimu akayaandika ubaoni kuwa mfano wa lugha njema.

Miezi minne nilikaa katika furaha hiyo, na wala sikuulizia. Hilo naliandika kwa mkono wangu ili asije mtu mwingine akaliandika.

Siku moja Mashavu alikuja kwangu akiwa bado amejifunga kanga ya msibani. Aliketi jikoni bila hodi.

"Jirani, hebu nisomee hapa. Macho yangu leo siyaamini."

Alikuwa ameandika: "Shemeji, habari za asubuhi?" Na chini yake pameandikwa: "Njema sana, shemeji mpendwa. Siku yako ijae nuru."

"Kuna nini?" nikamwuliza. "Amekujibu."

"Tumemzika jana."

Nikalisoma jibu tena.

"Huenda ni mwanawe anatumia simu yake," nikasema.

"Simu tumemzika nayo. Alikuwa ameagiza hivyo, unajua alivyokuwa mbishi." Akaichukua simu kutoka mkononi mwangu. "Nikasema ngoja nimjaribu. Nikamwuliza habari za yule mbuzi. Ananiambia mbuzi ni mzima na ananisalimu. Jirani, miaka mitatu amekana kumwona mbuzi wangu, leo kaburini ndio anakiri?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeishika simu yangu nikiandika: "Tunu, umeumwa?" Jibu likaja kabla kidole changu hakijainuka: "Salama salimini, mama mpendwa."

Nikaandika: "Tunu, nyumba yetu imeungua."

"Nimefurahi kusikia hayo, mama mpendwa. Siku yako ijae nuru."

*

Serikali haikuwa imeficha jambo lolote. Tulipouliza tulioneshwa tangazo lililotolewa miezi minne nyuma, chini ya hotuba, chini ya sifa, chini ya vizibo. Mwenyewe alikuwa ameona uchungu kwamba wananchi wengine hawajibiwi, na wengine hujibiwa mambo ya kusikitisha. Akaanzisha Huduma ya Jibu Jema. Maneno ya huzuni yalizuiwa njiani yasimdhuru msomaji, na mahali pake Upeo uliandika jibu la furaha kwa niaba ya mwandishi.

"Jibu ni jibu," alisema Msemaji. "Je, mkate hupungua utamu kwa kutomjua aliyeuoka?"

Nikarudi kwa Bwana Kipingu. Mashavu alinisindikiza akabaki kwenye ngazi za nje, kwa kuwa hakuwa na cheti na wasio watu hawakuruhusiwa kuingia. Bwana Kipingu alikuwa amepandishwa cheo, na sasa alikuwa na kalamu nne.

"Karibu, mama. Mtu Halisi haketi kwenye benchi, tafadhali kaa kitini."

"Baba, nina swali moja. Katika salama zote hizi, ni ipi ya mwisho iliyoandikwa na mwanangu?"

Alibonyeza, akatazama kioo cha mashine yake kwa muda, kisha akaanza kukigeuza upande wake zaidi. "Nikusomee, mama?"

"Nimejifunza kusoma," nikasema.

Basi akakigeuza kwangu. Nayanakili hapa kama yalivyokuwa. Ya kwanza katika kila jozi ni ya Tunu. Ya pili ilikuwa na jina langu na jua langu dogo kando yake.

"Shikamoo, mama. Leo sikuamka vizuri. Nimeanguka ngazini na mguu umevimba. Wanasema ni uvivu."

"Marahaba, mwanangu mpendwa. Nimefurahi sana kusikia hayo."

"Mama, hukunielewa. Naumwa. Siwezi kusimama. Mwambie mjomba Hizza aende ubalozini."

"Mjomba anakusalimu. Siku yako ijae nuru."

Kisha siku mbili bila neno. Kisha:

"Mama, nilipokuwa mdogo nikiogopa radi, ulikuwa unafanya nini?"

"Mambo mazuri, mwanangu mpendwa. Kumbukumbu njema ni hazina."

"Wewe si mama yangu. Mama yangu mmempeleka wapi?"

Hapo palikuwa na mhuri: Ukurasa umefungwa. Kosa: Kumkanusha Mtu Halisi wa Daraja la Kwanza.

Nilisoma mpaka mwisho bila kuruka. Nilipomaliza nikasema, "Nilikuwa nachukua sufuria mbili nikizigonga. Radi ikipiga, nami napiga. Alikuwa akicheka mpaka anasahau."

"Hilo halimo katika kumbukumbu zetu, mama," alisema Bwana Kipingu kwa upole.

"Mwanangu yu hai?"

"Uhai si wa idara hii." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Ila anagonga, mama. Aliyefungiwa anaruhusiwa kuandika ombi la kufunguliwa. Yeye anaandika kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jana ameandika. Leo pia, na la leo ni la tisini na nane. Maombi hayo hayasomwi, kwa kuwa mfumo umeona anarudiarudia."

Anagonga. Siku tisini na nane mwanangu anagonga mlango, na alama iliyoufunga ni ile niliyoipigania siku kumi na tisa, nikapigiwa makofi.

"Mfungulie, baba."

"Shauri lilikwisha, mama, na lilikwisha kwa ushindi wako. Wewe ndiwe uliyetukanwa. Ukisamehe, haitoshi, kwa kuwa aliyekosewa si wewe peke yako, ni alama." Alifungua mtoto wa meza akapapasa ndani. "Ipo njia moja. Haijapata kutumika. Aliyekanushwa akikiri kwa maandishi kwamba ukanusho ule ni wa kweli, basi kosa halikuwapo. Ukurasa unafunguliwa saa hiyohiyo, na maombi yake yote yanawekwa wazi. Tena anapewa fidia: siku thelathini maneno yake yatapita kama alivyoyaandika, bila Jibu Jema."

"Yakisema anaumwa, yatapita?"

"Yatapita. Na yeye atasoma anayojibiwa na watu, si na Upeo. Vilevile ataandikiwa barua ya kuombwa radhi."

"Barua itasemaje?"

"Itasema: Ulisema kweli. Aliyekuwa akikujibu hakuwa mama yako."

Miezi mitatu na zaidi alikuwa akidhani ama nimefurahia kuumia kwake ama nimetekwa. Katika ofisi zote za nchi yetu, hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililosikia likitaka kuandikwa.

"Na mimi?"

"Wewe, mama, unavuliwa alama. Huruhusiwi kumwandikia kamwe, wala kuutazama ukurasa wake, wala kudai ujamaa naye mbele ya ofisi yoyote, pamoja na ubalozi. Utakuwa umekiri." Akaweka karatasi mezani. "Mama, unaweza kwenda nyumbani ukafikiri."

"Yeye anafikiri kwa mguu mmoja," nikasema. "Nipe kalamu."

Fomu ilikuwa fupi. Mimi, nafasi, nakiri kwa hiari yangu kuwa si mama wa, nafasi. Palikuwa na mstari wa kunakili ukiri wote kwa mkono, ili isije ikasemwa kwamba ni mashine iliyoandika. Nilianza polepole.

"Si lazima mwandiko uwe mzuri, mama," alisema Bwana Kipingu.

"Nakala ataiona?"

"Picha yake itaambatanishwa na barua, ndiyo."

Nikaomba karatasi nyingine nikaanza upya. Tunu alipoondoka nilikuwa sijui kushika kalamu, na tangu hapo ameona herufi za simu tu, ambazo ni sawa kwa kila mtu. Mwandiko wangu hajapata kuuona. Huo ungekuwa wa kwanza. Nikaandika, kila herufi ikikaa juu ya mstari kama Mwalimu Ngwilizi alivyotufundisha: Mimi, Sikudhani binti Mbaruku, nakiri kwa hiari yangu kuwa si mama wa Tunu. Nikatia nukta. Nikaikausha kwa kuipulizia.

Bwana Kipingu aliipiga mhuri mara tatu. Alibonyeza, na mashine ikaanza kulia, mlio juu ya mlio, bila kupumzika. Yalikuwa maombi yote ya siku tisini na nane yakiingia. Kwa kuwa sikuruhusiwa tena kuutazama ukurasa ule, nilisimama nikageukia ukuta, penye picha ya Mwenyewe akifungua daraja.

Mlio ukakoma. Nilimsikia akibonyeza na kusoma, ombi moja baada ya jingine.

"Sheria hainiruhusu kumweleza yaliyomo mtu asiyehusika," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kiofisi. "Naisomea nafsi yangu tu. La leo asubuhi linasema mguu umeanza kukanyaga. Linasema hataki kitu kingine, anataka kuambiwa mama yake yuko wapi."

"Ahsante, baba," nikauambia ukuta.

Nikatoka. Mashavu alikuwa palepale kwenye ngazi, simu mapajani, miwani puani.

"Jirani, Tunu amefunguka," alisema. "Yamejaa hapa mpaka siyamalizi. Njoo uone."

"Usinioneshe. Mwandikie upesi. Mwambie mjomba Hizza anakwenda ubalozini leo hii, na Mwalimu ataandika barua. Mwambie mama yake ni mzima, ameyasoma yote, na hakuna hata neno moja la furaha lililokuwa lake."

Mashavu aliandika kwa kidole kimoja, midomo ikitembea. Kisha akasita akainua macho.

"Atauliza nimeyajua kwa nani. Niandike nani?"

Mlangoni, mlinzi alikuwa ameanza kunitazama, kwa kuwa kwenye orodha yake jua la kando ya jina langu lilikuwa limezimika.

"Andika umeambiwa na jirani," nikasema.